Mlokwati: mti mdogo wa pambo kwa ua wa Nairobi

Hothoni, kile kimti cha miiba na maua meupe ambacho Waingereza huzungushia mashamba yao, hakifai Nairobi, na afadhali hilo lisemwe mapema kabla mtu hajatuma pesa kuagiza miche. Mti huo umezoea kulala wakati wa baridi. Vichipukizi vyake haviamki sawasawa mpaka vipate wiki nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, na usiku wetu wa Julai, ule unaotoa makoti kabatini, kwa kawaida huishia nyuzi 10 au 12. Unachopata hapa ni mti unaochipua kwa kubahatisha, tawi moja leo na jingine miezi baadaye, maua yakiwa machache au yasiwepo kabisa. Mbegu zake nazo zina kiburi: hutaka kipindi cha joto kisha kipindi kirefu cha baridi, na hata huko kwao huweza kukaa ardhini mwaka mmoja na nusu kabla ya kuota. Halafu kuna kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kinachohitajika kabla mmea haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Usumbufu wote huo kwa mti utakaokununia!

Wakulima wa matufaha wa nyanda za juu wanajua namna ya kuihadaa miti ya aina hii. Hung'oa majani yote kwa mkono ili mti uchipue upya, na huchagua aina kama Anna ambazo hazidai baridi nyingi. Kwa tunda la kuuza, kazi hiyo inalipa. Kwa pambo la uani, sioni sababu.

Kama ulichotaka kwenye hothoni ni miiba ya kuzuia watu, Nairobi ina ua wa kayaba tangu zamani na hakuna kinachoushinda. Kama ulitaka yale mengine, yaani mti usiopita kimo cha nyumba, maua meupe yanayonukia, vitunda vya rangi na ndege wa kuviendea, panda mlokwati. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, ule wa waridi na tufaha, na undugu wao ni wa karibu kiasi kwamba kikonyo cha mlokwati huweza kubebeshwa juu ya shina la hothoni kikashika. Tofauti ni kwamba mlokwati hauhitaji baridi ili uchanue. Haupukutishi majani yote kwa mpigo, na majani yenyewe ni mazuri: marefu ya sentimita 15 hadi 25, magumu, yenye mishipa iliyozama upande wa juu na manyoya ya rangi ya kahawia upande wa chini. Asili yake ni China, ingawa jina lake la kisayansi, Eriobotrya japonica, linaitaja Japani ambako umelimwa kwa karne nyingi. Mitaa ya zamani ya Nairobi inayo tele, mingi ikiwa imeachwa ikawa misitu midogo.

Hapo ndipo penye shida. Kupanda mlokwati ni kazi ya asubuhi moja. Kinachoufanya uwe pambo badala ya kichaka cheusi mbele ya dirisha ni msumeno, na kwa msumeno ndipo wengi wanapoharibu.

Mahali pa kuuweka

Ploti ya futi 50 kwa 100 ikishatolewa nyumba, mahali pa gari, tangi la maji na shimo la maji taka, hubakiza kipande kidogo sana. Mlokwati ulioachiwa hufika mita 5 hadi 8 na kutanuka karibu sawa na kimo chake. Ulioshikwa kwa msumeno hukaa kwenye mita 3 kwa 3 miaka yote. Weka mita 3 kati ya shina na ukuta wa mpaka, na 4 kati yake na nyumba. Mizizi yake mingi hukaa juujuu na haina tabia ya kupasua misingi kama ile ya miti mikubwa ya jamii ya mkuyu, lakini bomba la maji taka lenye ufa hukaribisha mzizi wa mti wowote, kwa hiyo kaa mbali nalo. Angalia juu pia. Chini ya nyaya za umeme usipande kitu, hata kama unajiapiza kwamba utakuwa unakikata.

Kuna jambo la jua ambalo vitabu vya Ulaya hupotosha kabisa. Nairobi iko nyuzi 1 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ya baridi na mawingu, na nyumba nyingi hutegemea madirisha ya kaskazini kwa joto kidogo linalopatikana. Mti wa majani mazito kama huu ukiuweka mbele ya madirisha hayo, sebule itakuwa friji. Januari na Februari, wakati wa jua kali, jua hupita kusini na kuzama kusini-magharibi. Basi upande wa magharibi au kusini-magharibi mwa nyumba ndio wa mlokwati: unapata kivuli saa tisa alasiri ya Februari bila kunyimwa mwanga wa Julai.

Mti wenyewe hutaka jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini huishi vizuri tu, ila hurefuka ukiwa mwembamba na maua huwa haba.

Udongo, mwekundu na mweusi

Ukiwa Karen, Lavington, Runda au upande wa Kiambu, una ule udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji na wenye asidi kidogo. Mlokwati haudai zaidi ya huo. Ukiwa Embakasi, Utawala, South C, Syokimau au Kitengela, huenda umekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, na hapo mambo hubadilika. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyufa za Februari hukata mizizi midogo, na mvua za Aprili hugeuza shimo la kupandia kuwa beseni. Mlokwati huvumilia mengi, ila hauvumilii kusimama majini.

Pima kabla ya kununua mche. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Maji ya pili yakiisha ndani ya saa chache, panda kawaida. Yakikaa hadi kesho yake, usipande shimoni. Panda juu ya tuta.

Tuta liwe na kimo cha sentimita 40 na upana wa mita moja na nusu au mbili juu, likiteremka taratibu pembeni. Kabla ya kumwaga udongo mpya, tifua udongo mweusi wa chini kwa jembe la meno ili tabaka mbili zishikane, la sivyo mizizi itafika pale zinapokutana na kugeuka. Changanya udongo mwekundu sehemu tatu na mboji iliyoiva sehemu moja. Udongo wa kununua kwa lori uchunguze kabla haujamwagwa, kwa sababu mara nyingi umetoka kwenye mijengo na una vipande vya saruji na plasta. Saruji huvuta udongo upande wa alkali, na mwaka unaofuata utaona majani machanga yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili kwamba mti hauwezi kunyonya madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Kuongeza mbolea hakusaidii hapo. Kinachosaidia ni kuondoa mabaki ya ujenzi, kuongeza mboji kila msimu, na ikibidi kunyunyizia majani dawa ya madini ya chuma ya aina ya kileti (chelate), inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Nyumba mpya zina shida hii hata bila lori. Mafundi huoshea vyombo vya saruji kwenye kona ileile ambayo baadaye mwenye nyumba anaona inafaa mti. Chimba uangalie.

Kuchagua mche

Vitalu vya kando ya barabara, kama vile vya Ngong Road, huuza aina mbili za miche bila kukwambia ni ipi: ya mbegu na ya kubebesha. Uliobebeshwa una kovu au kipindo kwenye shina, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25 kutoka udongoni. Huo huweza kuzaa baada ya miaka 2 au 3. Wa mbegu hungoja miaka 6, 8 au zaidi, na matunda yake hayatabiriki: huenda yakawa matamu, huenda yakawa mbegu tupu zilizovishwa ngozi. Ila kama shida yako ni majani na umbo tu, wa mbegu unatosha, tena hukua kwa nguvu zaidi.

Usivutwe na mche mrefu. Mche wa mita moja na nusu kwenye mfuko wa inchi nne umeshakaa kitaluni kupita kiasi, na mizizi yake imejizungusha chini. Ule wa sentimita 50 hadi 70, wenye shina linalosimama bila kijiti na majani hadi chini, utaupita ule mrefu kabla miaka miwili haijaisha. Geuza majani mawili matatu uangalie upande wa chini: kama kuna vigamba vidogo vya kahawia vilivyoganda au masizi meusi, nenda kitalu cha pili.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, mbegu hazihifadhiki. Zikikauka hufa. Kula tunda, osha mbegu, zitie kwenye mchanga na mboji siku hiyohiyo kwa kina cha sentimita 2 au 3, na uweke mahali penye kivuli chepesi. Baada ya wiki tatu hadi sita utaona chipukizi.

Kupanda

Wakati mzuri ni mvua ndefu zikishashika kweli, mwisho wa Machi au Aprili, au mvua fupi zikianza, Oktoba mwishoni au Novemba. Mimi napendelea Aprili, kwa sababu baada yake hufuata miezi ya baridi ambapo mche haukaushwi na jua. Anayepanda Novemba hukutana na jua la Januari mizizi ikiwa bado kwenye umbo la mfuko.

Kwenye udongo mwekundu, shimo la futi mbili upana na futi moja na nusu kina linatosha. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na nusu debe la samadi iliyoiva, ile iliyogeuka kuwa kama udongo na isiyo na harufu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na bado kuna watunza bustani wanaoijaza shimoni kwa ukarimu. Mbolea ya DAP shimoni si lazima. Ukiiweka, kijiko kimoja cha mezani kilichochanganywa vizuri na udongo kinatosha.

Mwagilia mche saa moja kabla. Pasua mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, usiung'oe mche kwa kuvuta shina. Sasa tazama mizizi. Ile iliyojizungusha chini kama koili ya waya ikate yote kwa makasi, sentimita 2 za chini ziondoke, kisha pitisha wembe pande mbili za bonge la udongo, kutoka juu hadi chini, kina cha sentimita moja. Mzizi ulioachwa ukizunguka huendelea kuzunguka, na siku moja hulinyonga shina lake lenyewe. Ndiyo sababu miti mingine huanguka na upepo ikiwa na miaka minane, ikionekana mizima kabisa.

Kina cha kupandia kinahesabiwa kutoka pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi, wala si kutoka juu ya udongo wa mfuko. Vitalu huongeza udongo mfukoni, kwa hiyo mara nyingi sehemu hiyo imefukiwa sentimita 3 au 4. Itafute kwa kidole. Panda ili ikae sawa na ardhi au juu kidogo. Ukiwa ni mche wa kubebeshwa, lile kovu libaki juu kabisa ya udongo na matandazo. Shindilia kwa mikono, si kwa buti, kisha mwaga lita 20 polepole.

Kijiti kimoja kilichofungwa shina kwa kamba ya nailoni ndiyo njia ya kawaida, na ni mbaya: nailoni hukata gome. Simamisha vijiti viwili, kila kimoja sentimita 25 kutoka shinani, na ufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye nafasi ya shina kucheza kidogo. Viondoe baada ya mwaka.

Weka matandazo ya nyasi kavu au vipande vya mbao unene wa sentimita 6 hadi 8, yasiguse shina: acha nafasi ya kiganja. Zungushia duara la mita moja lisilo na nyasi. Nyasi za Kikuyu ni hodari kuliko mche wowote. Zitakunywa maji na mbolea yote kabla mlokwati haujajua kumekucha. Duara hilo pia huzuia slasha na mashine ya kukata nyasi zisigonge gome. Miche mingi mijini huuawa na jeraha la chini ya shina lililorudiwa kila Jumamosi.

Maji

Mwaka wa kwanza, wakati hakuna mvua, lita 20 mara mbili kwa wiki kwenye udongo mwekundu. Kwenye tuta juu ya udongo mweusi, lita 10 mara tatu, maana tuta hukauka upesi. Mwaka wa pili, lita 40 mara moja kwa wiki. Baadaye ni miezi ya Januari, Februari na mwisho wa Agosti tu, na wakati matunda yanapojaa.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni aina ya maji. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi na sodiamu nyingi, na mlokwati haupendi chumvi. Kingo za majani zikianza kuungua, zikawa kahawia kavu kuanzia nchani ilhali udongo una unyevu, shuku maji. Kila unapoweza, tumia ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Kama huna budi kutumia maji ya kisima, mwagilia kwa wingi na kwa nadra ili chumvi isukumwe chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni.

Kupogoa

Maua ya mlokwati hutokea kwenye ncha za matawi. Shikilia hilo na mengine yote yatafuata. Mtunza bustani anayepita na makasi ya ua akiupiga mti mviringo kama anavyopiga bougainvillea, amekata kila ua la msimu ujao kwa nusu saa. Kisha kila ncha iliyokatwa hutoa vichipukizi vitatu au vinne, gamba la nje huwa zito, ndani huwa kiza na majani hupukutika. Mwaka wa tatu una mpira wa kijani kwa nje na kuni kwa ndani.

Samaki mkunje angali mbichi. Uamuzi wa kwanza ni umbo: je, unataka kupita chini yake au kuutazama ukiwa umeketi? Kwa kupita chini, acha shina moja, na kila miezi sita ondoa matawi ya chini kidogo kidogo hadi shina liwe wazi kwa mita moja na nusu. Usiyaondoe yote kwa mara moja, kwani ndiyo yanayolinenepesha shina. Wakati wowote, majani yafunike angalau theluthi mbili za kimo cha mti. Kwa kuutazama, kata ncha ya mche kwenye sentimita 70 au 80 baada ya kushika, kisha kati ya matawi yatakayotoka chagua matatu au manne yaliyotazama pande tofauti na yasiyotoka sehemu moja ya shina. Yapishane kwa sentimita 10 hivi. Mengine yaondoe yangali ya kukatwa na makasi.

Baada ya hapo, kazi ya mwaka ni kupunguza, si kufupisha. Kila tawi linaloondolewa liondolewe lote, hadi pale lilipoanzia. Anza na yaliyokufa, yanayosuguana, yanayorudi ndani na yanayopanda wima kutoka shinani. Kisha simama mbali kidogo utazame: ukiona nyumba ya jirani kupitia kwenye mti, kwa vipande vipande, imetosha. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka. Kushusha kimo, fuata tawi refu hadi kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile refu, ukate hapo. Tawi dogo linachukua uongozi na mti hauonekani umekatwa.

Namna ya kukata tawi lenye unene wa mkono inafaa kutazamwa kwa karibu. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe kama pete, wenye mikunjo ya gome upande wa juu. Pete hiyo ni mali ya shina, na ndiyo inayofunga jeraha. Ukiikata sambamba na shina umeuondoa mlango wenyewe. Ukiacha kisiki cha kiganja, kitaoza na kuongoza uozo ndani. Kwa hiyo kata mara tatu. Kwanza, sentimita 30 kutoka shinani, pasua kutoka chini kwenda juu hadi theluthi ya unene. Pili, sentimita 5 mbele ya hapo, kata kutoka juu hadi tawi lianguke. Litavunjika bila kuchuna gome la shina. Tatu, ondoa kisiki kwa kukata nje kidogo ya pete, msumeno ukifuata mwelekeo wake, ambao kwa kawaida umelala kidogo. Usipake rangi wala lami wala oili chafu. Jeraha lisilopakwa hujifunga vizuri zaidi, na baada ya miezi utaona duara la gome jipya likisogea kuelekea katikati. Panga usiiguse kwa kazi hii.

Pogoa matunda yakishaisha, kabla mti haujatoa vichipukizi vipya. Karibu na ikweta mlokwati haufuati kalenda moja, na miti miwili ya mtaa mmoja huweza kupishana, kwa hiyo tazama mti wako, usiangalie tarehe. Epuka tu siku za mvua nzito, maana vidonda vibichi na unyevu hukaribisha ukungu.

Mbolea na maradhi

Mti ulio pambo haulishwi kama mahindi. Debe moja la mboji kabla ya mvua ndefu, likitandazwa chini ya matawi bila kulimwa ndani, linatosha kwa mti mzima. Ukiwa mchanga na unadumaa, gramu 50 za mbolea ya NPK 17-17-17 mwanzoni mwa kila msimu wa mvua. Mbolea ya nitrojeni ya CAN iache kabatini. Nitrojeni nyingi hutoa majani makubwa laini, maua kidogo, na karamu kwa vidukari.

Majani mazee hugeuka mekundu au rangi ya chungwa na kuanguka moja moja mwaka mzima. Watu hushtuka, lakini huo si ugonjwa. Ugonjwa ni madoa madogo mekundu yanayogeuka kahawia yenye kijivu katikati, mengi kwenye majani machanga wakati wa mvua: huo ni ukungu wa Entomosporium, ambao hushambulia ndugu wengi wa ukoo huu. Okota majani yaliyoanguka, fungua mti upitishe hewa, mwagilia chini badala ya juu ya majani, na ukizidi tumia dawa ya shaba kwa kipimo kilichoandikwa.

Masizi meusi juu ya majani ni dalili tu. Wadudu gamba au vidukari wananyonya mahali fulani, wanadondosha utamu, na ukungu mweusi unaota juu yake. Sisimizi wanaopanda shinani ndio walinzi wao. Funga kitambaa shinani, paka grisi juu ya kitambaa wala si juu ya gome, na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta likawa daraja. Kisha nyunyizia maji yenye mililita 5 za sabuni ya vyombo kwa kila lita, jioni, chini ya majani, urudie baada ya siku saba. Jaribu kwanza kwenye majani machache.

Matunda

Shada moja huweza kushika matunda zaidi ya kumi. Yakiwa saizi ya mbaazi kubwa, bakiza manne hadi sita na yatakuwa makubwa mara dufu. Ukiyaacha yote utapata mbegu na ngozi.

Washindani wako ni wawili. Kuzumburu, wale ndege wa rangi ya kahawia-kijivu wenye mkia mrefu na kishungi, huja kwa kundi na hula hata vichipukizi. Nzi wa matunda hutaga ndani ya tunda linapoanza kugeuka rangi. Yule wa Asia, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 na sasa yuko kila mahali. Dawa ya wote wawili ni moja: vika mashada mifuko ya karatasi ya kaki au ya wavu mwembamba matunda yangali ya kijani, ukifunga mdomo kwa uzi. Vika unayoweza kuyafikia, yaliyo juu waachie ndege. Si ndio ulitaka waje? Yaliyoanguka yaokote kila siku mbili, yafunge kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana na uiache juani wiki moja kabla ya kuyatupa kwenye mboji. Kuyaacha chini ni kufuga nzi.

Mbegu zina amigdalini, ambayo ikitafunwa hutoa sayanidi. Mbegu iliyomezwa nzima kwa bahati mbaya kwa kawaida hupita tu, lakini watoto wasizoee kuzitafuna, wala zisisagwe kwenye juisi. Majani yaliyokatwa usiwarushie mbuzi.

Mti mzee uliorithi

Wengi hawapandi; wanahamia nyumba yenye mlokwati wa mita 7 uliosongamana, na la kwanza linalowajia ni kuukata nusu. Ukiukata nusu, jua huunguza matawi ambayo hayajawahi kuliona, na visiki hutoa msitu wa vijiti wima. Gawa kazi kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ondoa yaliyokufa na matawi makubwa mawili au matatu ya katikati, kutoka kwenye asili yao. Mwaka wa pili shusha kimo upande mmoja kwa kurudisha matawi marefu kwenye matawi ya pembeni. Wa tatu, upande wa pili. Matawi mazito yaliyobaki wazi juani yapake chokaa iliyoyeyushwa majini hadi iwe nzito kama uji mwepesi. Vijiti wima vitatoka tu. Ving'oe kwa mkono vikiwa vya sentimita 10, kuelekea chini, navyo vitatoka na kitako chao. Ukivikata kwa makasi, kila kimoja kitarudi na wenzake wawili.